Kwenda Chennai: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ndege, treni, metro, mabasi na bajaji

Wengi wanaotoka kwetu kwenda Chennai wanafuata hospitali, wengine chuo au biashara, na wachache matembezi. Maswali haya yanahusu njia: namna ya kufika, kuzunguka mjini na kutoka. Mji ni mkubwa, lakini umbali si tatizo kubwa la mgeni. Wengi wanaochelewa huku wamefika mapema kabisa, ila kwenye stesheni isiyo yao.

Chennai na Madras ni mji mmoja?

Ndiyo. Jina lilibadilishwa rasmi mwaka 1996. Hata hivyo Madras haijafutika: Mahakama Kuu bado inaitwa ya Madras, uwanja wa ndege una msimbo MAA, na stesheni kuu ya treni ni MAS. Ni makao makuu ya jimbo la Tamil Nadu, kwenye Ghuba ya Bengal, upande wa mashariki wa India. Jua linachomoza baharini, kama Dar es Salaam na Mombasa.

Mitaa nayo ina majina mawili. Barabara kuu inayoitwa Anna Salai kwenye ramani, dereva anaiita Mount Road. Periyar EVR Salai ni ileile Poonamallee High Road. "Salai" maana yake barabara tu. Andika majina yote mawili kwenye karatasi.

Nipitie wapi kutoka Afrika Mashariki?

Njia zilizozoeleka ni Addis Ababa, Dubai, Doha au Muscat, kisha moja kwa moja Chennai. Kwa njia hizo unagonga muhuri wa kuingia India ukiwa Chennai, na begi linakusubiri hukohuko.

Njia nyingine ni kupitia Mumbai, ambako kuna ndege za moja kwa moja kutoka Dar es Salaam na Nairobi. Mara nyingi inaonekana rahisi kwa bei, lakini hesabu vizuri. Mumbai ndiyo mlango wako wa kwanza India, kwa hiyo unapita uhamiaji hapo, unachukua mabegi, unapita forodha, kisha unayakabidhi upya kwa ndege ya ndani. Ukiwa na saa mbili tu katikati, umejitafutia presha. Weka nne au zaidi.

Mtego wa pili ni uzito. Ndege za ndani za India kwa kawaida zinaruhusu kilo 15 za begi la chini na kilo 7 za mkononi. Ukinunua tiketi mbili tofauti, zile kilo zako 30 au 46 za kutoka nyumbani zinaishia Mumbai, na ziada unailipia kwa kilo. Tiketi ikiwa moja hadi Chennai, kwa kawaida uzito wa safari ya kimataifa unaendelea kuhesabiwa. Hakikisha umeandikwa kwenye tiketi yenyewe.

Visa inaombwaje?

Watanzania na Wakenya wanaweza kuomba visa ya mtandaoni. Wengine waangalie orodha ya nchi kwenye tovuti ya serikali ya India. Anwani ya tovuti hiyo inaishia na gov.in. Zipo tovuti nyingi za madalali zinazofanana nayo na kutoza zaidi, na mtandao wa utafutaji huzitanguliza.

Andaa pasipoti yenye angalau miezi sita na kurasa mbili tupu, picha ya mraba yenye mandhari meupe, na nakala ya ukurasa wa pasipoti wenye picha. Omba mapema: siku nne kabla ya safari ndiyo kikomo cha chini, na wiki mbili ndiyo busara. Majina yaandike kama yalivyo kwenye pasipoti, kwa mpangilio uleule. Jina la babu likiwa kwenye pasipoti halafu likakosekana kwenye fomu, utaulizwa kaunta ya ndege kabla hata hujaondoka.

Anayekwenda kutibiwa aombe visa ya matibabu, si ya utalii. Inahitaji barua ya hospitali ya India, inatoa siku 60 na kuingia mara tatu, na wasindikizaji wasiozidi wawili wanapata visa yao ya aina hiyo. Mgonjwa aliyeingia kwa visa ya utalii hupata shida hospitali inapotaka alazwe au afanyiwe upasuaji mkubwa, na visa yake haibadilishwi kirahisi akiwa ndani ya nchi.

Chapisha kibali, usitegemee simu. Pia kuna kadi ya kuwasili inayojazwa mtandaoni ndani ya saa 72 kabla ya kufika. Ni bure.

Cheti cha homa ya manjano ni lazima?

Kwa anayetoka Kenya, Uganda, Burundi au Kongo, ndiyo. Anayetoka Tanzania naye akibebe, hasa akipitia Nairobi au Addis Ababa. Chanjo inaanza kuhesabika siku ya 10 baada ya sindano, kwa hiyo cheti cha juzi hakikusaidii. Asiye nacho anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6.

Saa za huko zikoje?

Chennai iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu. Ile nusu ndiyo inayosahauliwa.

Lakini kosa linalowagharimu watu ni jingine. Tiketi zote za treni India zimeandikwa kwa saa 24, na siku inaanza usiku wa manane. Treni ya tarehe 12 saa 00:15 inaondoka usiku wa kuamkia tarehe 12, yaani unatoka hotelini tarehe 11 baada ya chakula cha jioni. Kila msimu kuna anayekwenda stesheni usiku wa tarehe 12 na kukuta treni imeondoka jana yake. Vilevile 06:00 ni saa kumi na mbili asubuhi. Ukimwandikia ndugu yako "saa sita" atakwenda mchana.

Nikitua uwanjani natokaje?

Uwanja uko kusini magharibi mwa mji, kama kilomita 17 hivi kutoka stesheni ya Egmore, katikati ya mji. Ndege za kimataifa hutumia jengo la T2. Za ndani hutumia T1 na T4. Ukiwa na ndege ya ndani ya kuunganisha, angalia namba ya jengo kabla hujasukuma toroli.

Kama umetua kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa tano usiku, panda metro. Kituo kiko hapohapo uwanjani, nauli haizidi rupia 50, na kufika Central, ile stesheni kuu ya treni, ni kama dakika 40 hadi 45 bila foleni. Unaweza kuingia na mabegi, ila yanapitishwa kwenye mashine ya ukaguzi.

Tatizo ni kwamba ndege nyingi za nchi za Ghuba, kama za Dubai na Doha, zinatua usiku wa manane, na metro imelala. Hapo una njia mbili. Ya kwanza ni kaunta ya teksi za kulipia kabla, ndani ya eneo la kuwasili. Unataja mtaa, unalipa, unapewa risiti. Risiti hiyo ishike mpaka ufike. Ukiambiwa njiani uongeze, ionyeshe. Ya pili ni teksi ya programu, kama Uber au Ola. Hizo hazikuchukui mlangoni: unavuka hadi jengo la maegesho ya ghorofa, na huko ndiko dereva anakosubiri. Mwenye mgonjwa wa kiti cha magurudumu achague kaunta.

Wanaokufuata mlangoni wakinong'ona "taxi, sir" waache wapite.

Ukitaka treni ya mjini ya bei ndogo zaidi, stesheni ya Tirusulam iko ng'ambo ya barabara kuu, mkabala na uwanja. Nauli huanzia rupia 5. Lakini kuna ngazi, na asubuhi watu wamejaa hadi milangoni, kwa hiyo si njia ya mwenye masanduku.

Metro inatumiwaje?

Kuna njia mbili. Ya buluu inatoka uwanja wa ndege, inapita Guindy, Anna Salai na Central, inaendelea kaskazini hadi Wimco Nagar. Ya kijani inatoka Central, inapita Egmore, Anna Nagar, Koyambedu na Vadapalani hadi St. Thomas Mount. Zinakutana sehemu mbili tu: Central na Alandur. Ukitoka uwanjani kwenda stendi ya Koyambedu, badilisha Alandur. Ukiendelea hadi Central umezunguka mji mzima.

Tiketi ni karatasi yenye msimbo wa QR, au unainunua kwa simu. Usiitupe baada ya kuingia, maana geti la kutokea linaidai. Kuna behewa la wanawake, na alama zake zipo sakafuni.

Anayekwenda hospitali za eneo la Greams Road ashuke Thousand Lights, kisha achukue bajaji fupi. Kutembea kunawezekana, ila joto na njia mbovu za waenda kwa miguu vitamchosha mgonjwa.

Jua pia kwamba awamu ya pili ya metro, karibu kilomita 119, bado inajengwa. Barabara nyingi zimechimbwa au kugeuzwa za upande mmoja. Ramani ya simu ikikuambia dakika 25 kwa gari, jipe 45.

Tiketi yangu ya treni imeandikwa "Chennai". Niende Central au Egmore?

Usisome jina, soma msimbo. MAS ni Central. MS ni Egmore. MSB ni Beach. TBM ni Tambaram. Herufi moja tu inakutenganisha na treni yako, na ndiyo maana tunalirudia jambo hili kila tunapoulizwa.

Kanuni ya jumla: treni za kaskazini na magharibi, yaani Delhi, Mumbai, Kolkata, Hyderabad, Bengaluru, na nyingi za Kerala, zinatoka Central. Za kusini ndani ya Tamil Nadu, kama Madurai, Tiruchirappalli, Rameswaram na Kanyakumari, ni za Egmore au Tambaram. Egmore iko kwenye ukarabati mkubwa, na baadhi ya treni zake zimehamishwa, kwa hiyo angalia tena siku moja kabla.

Central kwenye tiketi inaweza kuitwa MGR Chennai Central. Jina kamili ni refu mno, Puratchi Thalaivar Dr. M.G. Ramachandran Central, tangu 2019. Ni jengo jekundu lenye mnara wa saa, la mwaka 1873. Ubavuni kuna jengo la Moore Market, na treni za mjini za kwenda Arakkonam na Gummidipoondi zinaondokea huko, si kwenye majukwaa makubwa.

Ukijikuta Central na treni yako ni ya Egmore, usichukue gari. Shuka chini kwenye metro, panda njia ya kijani, kituo kimoja tu. Kati ya stesheni hizo mbili ni kama kilomita mbili, lakini jioni gari linaweza kukwama nusu saa.

Tambaram ni habari nyingine: iko kusini kabisa, kupita uwanja wa ndege. Kutoka Egmore panda treni ya mjini, na ujipe saa moja na ziada.

Tiketi za treni zinakatwaje, na WL ni nini?

Nafasi hufunguliwa siku 60 kabla. Tovuti ya shirika la reli, IRCTC, inakubali wageni, lakini kujisajili kwa namba ya simu ya nje kunahitaji ada na subira. Mwenye pasipoti mkononi anaweza kwenda kwenye jengo la kukatia tiketi Central na kuuliza dirisha la wageni. Baadhi ya treni zina nafasi chache zilizotengwa kwa ajili ya watalii wa nje. Nenda na pasipoti yenyewe, nakala haitoshi.

Sasa hizo herufi. CNF ni kiti kimethibitishwa. RAC ni unaruhusiwa kupanda, ila unaweza kugawana kitanda cha pembeni na mtu mwingine, mmekaa mmeelekeana hadi nafasi ipatikane. WL ni foleni ya kusubiri: WL 4 ina matumaini, WL 60 haina. Tiketi ya WL iliyokatwa mtandaoni, isipopata kiti orodha ya mwisho ikitoka, inafutika yenyewe na pesa inarudi ikiwa imekatwa kidogo. Ukipanda nayo behewa la kulala, utahesabiwa kama huna tiketi.

Madaraja: SL ni vitanda bila kiyoyozi, madirisha wazi. 3A ni kiyoyozi na vitanda vitatu kwenda juu, 2A viwili. CC ni viti vya safari za mchana. Kwa mgonjwa, omba kitanda cha chini. Anayepewa cha juu kabisa katika 3A anapanda ngazi ndogo ya chuma na hawezi hata kukaa wima.

Nakwenda Vellore. Nishuke wapi?

Katpadi, msimbo KPD. Hospitali ya Christian Medical College, maarufu CMC, iko Vellore mjini, lakini treni kubwa kutoka Chennai zinasimama Katpadi, kilomita chache kabla. Kutoka Central ni kama kilomita 130, takriban saa mbili, na treni nyingi za kwenda Bengaluru na Kerala hupita hapo. Treni haikai muda mrefu. Simama mlangoni na mabegi dakika kumi kabla.

Kabla ya kutoka Katpadi, soma barua ya miadi. CMC ina kampasi nyingine Ranipet, na baadhi ya idara zimehamia huko. Ukimwambia dereva "CMC" bila kufafanua, atakupeleka mjini.

Mabasi ya mikoani yanatoka stendi gani?

Hapa vitabu vya zamani vya wasafiri vinapotosha. Zamani karibu kila basi lilitoka Koyambedu. Mwishoni mwa 2023 ilifunguliwa stendi mpya ya Kilambakkam, kusini kabisa karibu na Vandalur, na mabasi ya kusini yakahamia huko: Madurai, Tiruchirappalli, Tirunelveli na kadhalika. Koyambedu na Kilambakkam zimetengana kwa takriban kilomita 30. Mabasi ya Andhra Pradesh yana stendi yao Madhavaram, kaskazini. Ya Vellore, Kanchipuram na Bengaluru yamezoeleka Koyambedu, ila stendi ya Kuthambakkam upande wa magharibi imekusudiwa kuyapokea. Uliza wiki hiyohiyo unayosafiri, na umuulize anayeuza tiketi ya basi lako, si mpita njia.

Metro haifiki Kilambakkam. Panda treni ya mjini hadi Vandalur, kisha basi la mjini au bajaji.

Mabasi ya mjini ni ya shirika la MTC. Ya kawaida yenye rangi ya pinki mbele ni bure kwa wanawake. Kondakta atakupa tiketi ya sifuri, ipokee.

Bajaji zinadai kiasi gani?

Bei elekezi ya serikali, ya mwaka 2013, ni rupia 25 kwa kilomita 1.8 za mwanzo na rupia 12 kwa kila kilomita baada ya hapo. Mita zipo, lakini madereva wengi hawaziwashi. Njia nyepesi ni kufungua programu (Ola, Uber, Rapido au Namma Yatri), kuangalia bei, na kuitumia kama kipimo hata unapopatana barabarani. Usiku na kwenye mvua ongeza.

Ukiagiza kwa programu, dereva atakuuliza "OTP?". Ni namba fupi iliyo kwenye skrini yako. Bila hiyo safari haianzi. Mara nyingi atapiga simu kwanza na kuongea Kitamil. Mpe simu mlinzi wa hoteli au muuza duka aliye karibu. Wamezoea, na watamwelekeza kwa alama za mtaa kama tunavyofanya sisi.

Mwite "anna", kaka mkubwa. Mwanamke ni "akka", dada mkubwa. "Evvalavu?" ni bei gani, "vendaam" ni sitaki, "seri" ni sawa. Kihindi hakitakufikisha mbali Chennai. Kiingereza kifupi kinafaa zaidi. Na mtu akitikisa kichwa kama kinaning'inia, kushoto kulia, kushoto kulia, amekubali.

Simu na pesa?

Laini ya simu inahitaji pasipoti na visa, na inaweza kuchukua saa kadhaa kuanza kufanya kazi. Itafute siku ya kwanza, kwa sababu hata Wi-Fi ya uwanjani na programu nyingi zinatuma namba ya uthibitisho kwa ujumbe mfupi.

Wenyeji hulipa kwa UPI, kama tunavyolipa kwa M-Pesa: kila muuza nazi ana kibao cha QR. Mgeni asiye nayo abebe noti ndogo. Noti kubwa ni 500. Za 2,000 ziliondolewa mwaka 2023, usizipokee. Ukiingia na zaidi ya dola 5,000 taslimu, zitangaze forodhani. Usiache kwa woga. Asiyetangaza ndiye mwenye matatizo.

Hoteli ilinikataa kwa kuwa mimi ni mgeni. Ni halali?

Kila anayempangisha mgeni wa nje lazima amsajili serikalini ndani ya saa 24, kwa Fomu C. Nyumba ndogo ambazo hazijajisajili kwenye mfumo huo zinakataa. Uliza kabla ya kulipa. Nyumba za wageni za mitaa ya hospitali zimezoea, na nyingi zina jiko, jambo linalosaidia mgonjwa akichoka vyakula vya huko kama idli na sambar. Anayetafuta nyama halali atazame mitaa ya Triplicane na Mannady.

Miezi gani inafaa?

Januari na Februari ni bora. Mei na Juni joto linaweza kupita nyuzi 40. Mvua za Chennai zinakuja Oktoba hadi Desemba, tofauti na sehemu kubwa ya India, na sababu yake mtu wa pwani ataielewa haraka: ni pepo za kaskazini mashariki, ndugu wa kaskazi yetu, zinazovuka Ghuba ya Bengal na kubeba maji. Mafuriko ya Desemba 2015 yalifunga uwanja wa ndege kwa siku kadhaa, na kimbunga Michaung kiliufunga tena Desemba 2023. Ukiwa na miadi mwezi Novemba, usipange ndege ya kurudi siku ileile unayotoka hospitali.

Naweza kuogelea kwenye ufukwe wa Marina?

Hapana. Mkondo ni mkali na polisi wanazuia. Nenda jioni, kula mahindi ya kuchoma.

Siku ya kurudi nijiandae vipi?

Walinzi wa mlangoni hawamruhusu mtu kuingia jengo la ndege bila tiketi na pasipoti, kwa hiyo agana nje na wanaokusindikiza. Chapisha tiketi, simu ikizima mlangoni utabaki barabarani. Betri za akiba ziwe begi la mkononi, kwani za begi la chini zinasababisha uitwe kulifungua. Fika saa tatu kabla ya ndege kuondoka. Ndege ya alfajiri ikikulazimu kutoka mjini saa saba au nane usiku, teksi iagize jioni kupitia mapokezi ya hoteli, na uandike muda huo kwa saa 24: 01:00 au 02:00, pamoja na tarehe.